Vifurushi Vinapogombana: Somo la Kutatua Migongano ya Matoleo katika Programu za Simu



Ndugu zangu, niliombwa niandike somo kwa ajili ya wenzetu wanaoanza kutengeneza programu za simu. Nimechagua jambo ambalo limetukesha wengi wetu hapa chuoni: unaongeza kifurushi kimoja tu kwenye kazi yako, unabonyeza, na kompyuta inakujibu kwamba vifurushi vyako havipatani. Jambo hili limewahi kunitia aibu mbele ya mama yangu mzazi. Nitaanza na aibu hiyo, kisha tuingie darasani.

Risiti ya kwacha nne na nusu

Kwetu ni Kabuta, wilaya ya Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru upande wa Zambia. Baba alivuka ziwa kutoka Kilwa. Wenzangu wa Tanzania wakisikia hivyo huniuliza kama sisi ni watu wa Lindi, nami huwaeleza kwamba Kilwa hiyo ni mji wa Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Ndiyo maana nyumbani tunasema Kiswahili na majirani wanasema Kibemba. Mama anafanya biashara ya chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Anachukua mzigo kwa wavuvi, analipa sehemu, na sehemu inayobaki anaandika deni mpaka auze Kashikishi. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo kwetu Novemba ni mwezi wa kudaiana na kulipana.

Nilimtengenezea mama programu ya daftari la madeni kwa Flutter. Anaandika jina, mzigo na kiasi. Programu inahifadhi, na printa ndogo ya Bluetooth inatoa risiti anayopewa mvuvi. Siku moja ya Novemba akanipigia simu.

"Mwanangu, hii karatasi yako inasema nini? Mzee namdaiwa kwacha 450. Karatasi aliyoondoka nayo inasema 4.50. Amerudi na mtoto wake anayejua kusoma, ananiuliza mbele ya watu kama nimeamua kumdhulumu."

Nikamwomba afungue simu aangalie. Kwenye kioo cha simu iliandikwa 450.00, sawasawa. Kwenye karatasi, 4.50. Risiti 17 zilikuwa zimekwisha kutoka. Mama alichukua daftari lake la zamani la karatasi, ambalo alhamdulillah hakuwa ameliacha, akazunguka ufukweni nyumba kwa nyumba kuwaandikia watu upya kwa mkono wake.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa mistari miwili katika faili moja. Ili tuielewe mistari hiyo, tuanze mwanzo.

Kifurushi ni nini

Sisemi kifurushi cha intaneti unachonunua kwa wiki. Katika kazi yetu, kifurushi ni msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, ukafungwa pamoja na kupewa jina na namba ya toleo, ili wewe uutumie bila kuuandika upya. Kimoja kinapanga tarehe, kingine kinachapa risiti, kingine kinahifadhi data. Katika Flutter unaviorodhesha kwenye faili liitwalo `pubspec.yaml`, na amri ya `flutter pub get` inakwenda kuvileta.

Vile ulivyoviandika wewe ni tegemezi za moja kwa moja. Lakini kila kifurushi nacho kina vifurushi vyake kinavyovitegemea, na hivyo vina vyake. Unaandika vifurushi vinane, vinakuja hamsini. Migongano mingi hutokea kwenye hao wageni wa wageni, ambao hata majina yao hujawahi kuyasikia.

Namba tatu na kofia

Toleo huandikwa kwa namba tatu, kwa mfano 2.4.1. Namba ya mwisho hupanda mwandishi anaporekebisha hitilafu tu. Ya katikati hupanda anapoongeza jambo jipya bila kuharibu la zamani. Ya kwanza hupanda anapobadilisha jambo kwa namna ambayo msimbo wa watu wengine unaweza kuvunjika. Kwa maneno mengine, namba ya kwanza ikibadilika, mwandishi anakutahadharisha: usipande kabla hujasoma nilichobadilisha.

Alama ya kofia, `^`, inasema ni masafa gani unayakubali. Ukiandika `^2.4.1` umesema: nipe 2.4.1 au lolote la juu yake, mradi lisifike 3.0.0.

Sasa zingatia hapa, kwa sababu wengi hupita haraka. Kifurushi ambacho bado hakijafika 1.0.0 kina kanuni yake: hapo namba ya katikati ndiyo inayobeba tahadhari. Kwa hiyo `^0.19.0` haikubali 0.20.0, inakomea chini yake. Ukisoma `^0.19.0` kama unavyosoma `^2.4.1`, hutaelewa kamwe kwa nini kompyuta inakukatalia.

Kwa nini wagombane

Katika baadhi ya mifumo, kama npm ya JavaScript, vifurushi viwili vinaweza kila kimoja kuja na nakala yake ya kifurushi cha tatu, za matoleo tofauti, zikaishi ndani ya kazi moja. Dart hairuhusu hivyo. Programu moja, kila kifurushi toleo moja. Kifurushi A kikitaka C toleo la 2, na kifurushi B kikitaka C toleo la 3, hakuna C inayoweza kuwaridhisha wote wawili.

Anayefanya upatanisho huo ni kitatuzi cha matoleo. Tangu 2018 kitatuzi cha Dart kinatumia mbinu inayoitwa PubGrub, iliyobuniwa na Natalie Weizenbaum. Uzuri wa PubGrub ni kwamba kinaposhindwa hakisemi tu kwamba kimeshindwa. Kinakuandikia mlolongo wa sababu. Ule ujumbe mrefu unaoanza na neno *Because* na kumalizika na *version solving failed*, ambao wengi wetu tunaufunga haraka kama taarifa ya msiba, ndiyo hoja yenyewe imeandikwa hatua kwa hatua. Usome wote.

Mfano ambao utakutana nao

Tuchukue kifurushi cha `intl`, kinachopanga tarehe na namba kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Programu ikitaka kuonyesha vitufe na kalenda kwa Kiswahili, huwa unaongeza pia `flutter_localizations`, kinachokuja ndani ya Flutter yenyewe. Hiki kimefungwa na toleo moja kamili la `intl`, bila masafa. Katika Flutter 3.24 ya Agosti 2024 toleo hilo ni 0.19.0. Katika Flutter 3.32 ya Mei 2025 ni 0.20.2.

Tuseme kompyuta yako ina Flutter 3.24, na umeandika `intl: ^0.20.0` kwa sababu uliiona kwenye mafunzo fulani. Ujumbe utakaokuja, kwa Kiswahili chetu, ni huu: kwa kuwa `flutter_localizations` inataka `intl` 0.19.0, na programu yako inataka `intl` kuanzia 0.20.0, utatuzi umeshindikana.

Ukiusoma kwa utulivu, ujumbe umekutajia watu watatu: nani anataka nini, nani mwingine anataka nini, na ni kitu gani kinachogombewa. Kisha jiulize swali moja: kati ya wagombanao, nani anaweza kusogea? `flutter_localizations` hawezi, yeye anafuata Flutter. Anayeweza kusogea ni wewe. Andika `intl: any`, maana yake toleo lolote litakalokubaliwa na wengine, na mgogoro umekwisha.

Lakini kama anayetaka `^0.20.0` si wewe bali ni kifurushi cha kalenda ulichokiongeza, `any` yako haitasaidia kitu, kwa sababu wewe hukuwa sehemu ya ugomvi. Hapo una njia mbili: utumie toleo la zamani kidogo la kifurushi hicho cha kalenda, au uipandishe Flutter.

Hatua za kufuata, kwa mpangilio

1. Soma ujumbe wote. Andika kwenye karatasi wagombanao na kinachogombewa.

2. Tazama mti mzima kwa amri ya `flutter pub deps`. Utaona nani kamleta nani. Amri hii inataka kazi iwe imewahi kutatuliwa, kwa hiyo ondoa kwanza kifurushi kipya, kisha utazame.

3. Endesha `dart pub outdated`. Itakupa jedwali la safu nne. *Current* ni toleo ulilonalo sasa. *Upgradable* ni la juu kabisa linaloruhusiwa na masafa uliyoandika. *Resolvable* ni la juu linalowezekana iwapo utalegeza masafa yako mwenyewe. *Latest* ni la mwisho lililotolewa. Pengo kati ya *Upgradable* na *Resolvable* maana yake kizuizi ni wewe. Pengo kati ya *Resolvable* na *Latest* maana yake kizuizi ni mtu mwingine.

4. Kama kizuizi ni wewe, legeza masafa. Amri ya `flutter pub upgrade --major-versions` inaweza kukuandikia masafa mapya, lakini soma kwanza orodha ya mabadiliko ya kila kifurushi kilichopanda namba ya kwanza.

5. Kama kizuizi ni mwingine, tafuta kama ana toleo jipya linalopatana, au rudi kwenye toleo la zamani la kifurushi kipya ulichokiongeza.

6. Kama kizuizi ni Flutter au Dart yenyewe, pandisha Flutter. Fanya hivyo kwenye tawi jipya la Git, na ukiwa na mtandao wa chuo, kwa sababu mzigo wake ni mkubwa.

7. Jiulize kama kifurushi hicho unakihitaji kweli. Vingine tunavileta kwa kazi ya mistari kumi ambayo tungeiandika wenyewe.

8. Mwisho kabisa, baada ya hizo zote, kuna `dependency_overrides`. Na hapa narudi Kabuta.

Mistari yangu miwili

Programu ya mama ilitumia kifurushi cha kuhesabu fedha, toleo la 3. Nilipoongeza kifurushi cha kuchapa risiti, kikasema kinataka kifurushi hichohicho cha fedha, lakini toleo la 2. Mgongano. Ilikuwa saa saba usiku, na mama alikuwa amekwisha kununua printa. Nikatafuta njia ya haraka, nikakuta watu wanashauriana hivi:

`dependency_overrides:`
`  (jina la kifurushi cha fedha): ^3.1.0`

Nikaandika. Ujumbe mwekundu ukatoweka. Programu ikajengeka bila onyo. Nikalala.

Ndugu msomaji, fahamu `dependency_overrides` inafanya nini. Inakiambia kitatuzi: usimsikilize mtu yeyote kuhusu kifurushi hiki, chukua toleo hili. Haibadilishi hata herufi moja ndani ya kifurushi kilicholalamika. Kile kifurushi cha risiti kiliandikwa na mtu aliyelijua toleo la 2 tu. Kwenye toleo la 2, ukipitisha 450 inahesabiwa ni fedha nzima 450. Kwenye toleo la 3, mwandishi alibadilisha: 450 ni senti 450, au kwa kwetu ngwee 450, yaani kwacha 4 na ngwee 50. Jina la amri lilikuwa lilelile na aina ya namba ileile, ndiyo maana kompyuta haikuona kosa. Msimbo wangu mimi, unaoonyesha deni kwenye kioo, uliandikwa kwa toleo la 3, kwa hiyo ulikuwa sahihi. Karatasi ndiyo ilidanganya. Nami chuoni sikuwa na printa. Nilijaribu kwa kutazama kioo.

Namba ya kwanza ilikuwa imepanda kutoka 2 kwenda 3 ili kunitahadharisha na jambo hilohilo. Kitatuzi kilinizuia kwa sababu hiyo. Mimi nikamnyamazisha mlinzi, kisha nikashangaa mwizi kuingia.

Nilipofuata hatua nilizowaandikia hapo juu, ilinichukua jioni moja. `dart pub outdated` ilinionyesha kwamba kifurushi cha risiti kina toleo jipya linalopatana na toleo la 3 la fedha, ila linataka Dart mpya zaidi. Nikapandisha Flutter, nikafuta ile mistari miwili, nikaandika jaribio dogo: ingiza 450, soma maneno yatakayochapwa, hakikisha yanasema 450.00. Jaribio hilo ningeliandika siku ya kwanza, lisingechukua dakika tano.

Sisemi `dependency_overrides` ni haramu. Ina mahali pake: unapojaribu marekebisho yako mwenyewe ya kifurushi kabla hayajapokelewa, au unaposubiri toleo ambalo mwandishi ameahidi. Lakini ukiitumia, andika pembeni yake sababu na tarehe ya kuiondoa, na ujaribu kwa mkono kila sehemu inayoguswa na kifurushi hicho.

Ugomvi ukiwa upande wa Android

Wakati mwingine `flutter pub get` inapita salama, kisha ujenzi wa Android unakwama. Hapo mwenye kesi ni Gradle, na tabia yake ni tofauti: matoleo mawili yakigongana, kwa kawaida huchagua la juu bila kukuuliza. Mfano maarufu ni ujumbe wa *Duplicate class* unaotaja majina ya Kotlin yenye jdk7 au jdk8. Sababu yake ni kwamba Kotlin 1.8 iliyaingiza ndani ya `kotlin-stdlib` mambo ambayo zamani yalikaa kwenye `kotlin-stdlib-jdk7` na `kotlin-stdlib-jdk8`. Ukiwa na `kotlin-stdlib` mpya pamoja na hizo mbili za zamani, darasa moja linaonekana mara mbili. Dawa ni kuzipeleka zote kwenye toleo moja, kwa mfano kwa kuongeza `kotlin-bom` ya 1.8.0 au zaidi katika tegemezi za Gradle. Ili kuona nani kaleta nini, ingia folda ya `android` na uendeshe `./gradlew app:dependencies`.

Andika, na uweke shahidi

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na wawepo mashahidi. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mwandishi wa deni atakuwa mimi, nikiwa chumbani kwangu bwenini, mbali na wanaodaiana. Anayetengeneza programu ya kuandika haki za watu amekalia kiti cha yule mwandishi, na hawezi kusema kosa ni la kifurushi.

Katika kazi yetu shahidi yupo. Ni faili la `pubspec.lock`. `pubspec.yaml` inaandika masafa unayoyakubali, `pubspec.lock` inaandika toleo kamili lililochaguliwa kwa kila kifurushi, hata wale wageni wa wageni. Kwa programu ya simu, lihifadhi kwenye Git pamoja na msimbo, usilifute kila mambo yanapokwama. Mwenzako akichukua kazi yako, aendeshe `dart pub get --enforce-lockfile`. Kama matoleo hayalingani na yaliyoandikwa, amri itakataa badala ya kubadilisha kimyakimya.

Zoezi

Una Flutter 3.24. `pubspec.yaml` yako ina `flutter_localizations`, `intl: any`, na kifurushi cha chati kinachotaka `intl: ^0.20.1`. Je, kitatuzi kitafanikiwa? Kama hapana, nani kati ya watatu hawa anaweza kusogea, na kwa njia zipi? Andika jibu kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta, kisha ujaribu. Toleo la 0.20.1 linakubaliana na Flutter 3.32? Eleza kwa nini.

Mama bado anatumia programu, na kila Novemba ananiuliza kama nimejaribu karatasi na si kioo peke yake. Daftari la zamani hajalitupa, nami sijamwambia alitupe.